Kabla Hujameza Kidonge cha Nywele

Geuza chupa ya vidonge vya "nywele, ngozi na kucha" usome maandishi madogo ya nyuma. Mara nyingi jina linaloongoza orodha ni biotini, na kipimo chake ni maikrogramu 5,000 au 10,000 kwa kidonge. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 30 tu kwa siku, na huzipata bila hata kujua kwenye mayai, maini, samaki na karanga. Aliyemeza kidonge cha 10,000 amemeza mahitaji ya miezi kumi na moja kwa funda moja la maji. Ukimuuliza muuzaji kama si nyingi mno, jibu ni lile lile, iwe dukani, saluni au kwenye WhatsApp: vitamini haina madhara, ikizidi inatoka na mkojo.

Jibu hilo lina ukweli kidogo, na ukweli huo mdogo ndio unaolifanya liaminike. Vitamini C na zile za kundi B huyeyuka kwenye maji, na sehemu kubwa ya ziada hutoka kwenye mkojo. Vitamini A, D, E na K huyeyuka kwenye mafuta, na mwili huweza kuzilimbikiza, hasa A, ambayo ghala lake ni ini. Ndiyo maana watoto wetu wa miezi 12 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A mara mbili tu kwa mwaka: dozi moja ya yuniti 200,000 inatosha kuwekwa akiba ya miezi kadhaa. Kitu ambacho mwili unaweza kukiweka miezi sita hakiwezi kuwa kitu cha kumeza kila asubuhi bila hesabu.

Hofu ya mwenye nywele zinazokatika si jambo dogo. Kitana kikijaa nywele, kisogo kikianza kuonekana, uso ukitoka madoa, mtu hukosa usingizi, na anayemletea chupa huku akimwambia "jaribu hii" anaonekana mwokozi. Ila vitamini hutibu upungufu wa vitamini. Pengo likiwepo, kidonge hulijaza na matokeo huonekana. Pengo lisipokuwepo hakina cha kujaza, na vidonge vingine vikizidi huleta ugonjwa ule ule ulionunuliwa kuutibu. Kwa hiyo huwezi kuuliza "kidonge hiki ni salama?" kabla ya kuuliza "nywele zangu zinakatika kwa nini?"

Sifa za vitamini kwa ngozi na nywele hazikutoka hewani. Katika miaka ya 1930 daktari Cicely Williams, akifanya kazi Gold Coast, yaani Ghana ya leo, aliwaeleza madaktari wenzake juu ya watoto waliovimba miguu, ngozi ikibambuka na nywele zikigeuka nyekundu na nyepesi: kwashakoo, ugonjwa ambao muuguzi yeyote wa kliniki ya watoto anaufahamu. Kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, huvujisha damu kwenye fizi na kupinda vinyweleo vya mwilini. Mfano mzito zaidi kwa kanda yetu ni wa Malawi. Mwaka 1990, wakimbizi kutoka Msumbiji waliokuwa wakiishi kwa mgao wa mahindi walikumbwa na pelagra, takriban watu 18,000, baada ya karanga kukosekana kwenye mgao wao. Karanga ndizo zilizokuwa zikiwapa niasini. Zilipokosekana, ngozi ya shingo, mikono na miguu, kila palipopigwa na jua, ilianza kuwa nyeusi na kupasuka. Watu hao vitamini iliwaponya, na iliwaponya upesi.

Biotini nayo ilianza hivyo hivyo. Mwaka 1927 mtafiti Margaret Boas aliwalisha panya ute mbichi wa yai kwa wingi, wakapata upele na wakanyonyoka manyoya. Baadaye ikajulikana kwamba ute mbichi una protini inayoikamata biotini na kuizuia isifyonzwe. Yai likipikwa, protini hiyo huharibika na tatizo huisha. Kutoka kwa panya hao biashara ikaruka hadi kwa binadamu anayekula mayai ya kuchemsha na asiyepungukiwa na chochote. Mwaka 2017 madaktari wa ngozi wa Marekani walikusanya taarifa zote zilizochapishwa za wagonjwa ambao nywele au kucha zao zilipata nafuu kwa biotini. Walipata wagonjwa 18 tu, na kila mmoja wao alikuwa na tatizo la msingi, wengi wakiwa watoto waliozaliwa na kasoro ya vimeng'enya inayouzuia mwili kuitumia biotini. Kwa mtu mwenye afya, ushahidi wa kutegemewa hakuna.

Mbona basi shuhuda ni nyingi hivyo? Tuangalie nywele zenyewe. Kila unywele hukua kwa miaka kadhaa, kisha hupumzika miezi kama mitatu, halafu huanguka na mwingine kuota mahali pake. Kuanguka nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Mwili ukipata mshtuko, mathalani kujifungua, homa kali, upasuaji, msiba, au kupungua uzito kwa haraka, nywele nyingi huingia mapumzikoni kwa pamoja, na baada ya miezi miwili au mitatu huanguka kwa pamoja. Mama aliyejifungua Januari ataanza kuziokota kwenye mto mwezi wa Aprili, wakati keshasahau uchungu wa uzazi, na hataunganisha mambo hayo mawili. Atanunua chupa. Miezi michache baadaye nywele changa zitaonekana kwenye paji la uso, naye ataisifu chupa kwa moyo mweupe kabisa. Nywele hizo zingeota hata bila chupa, maana unywele mpya ulikwisha kuanza safari siku ule wa zamani ulipong'oka. Mama huyo hasemi uongo. Anaeleza alichokiona, na muuzaji anakichukua na kukifanya tangazo.

Ninalolichukia zaidi katika biashara hii ni kwamba viungo viwili vinavyowekwa mara nyingi kwenye vidonge vya nywele, vikizidi, hunyonyoa nywele. Cha kwanza ni vitamini A. Kiwango cha juu ambacho mtu mzima hatakiwi kukivuka kwa siku ni maikrogramu 3,000 za retinoli, yaani vitamini A isiyo ya mimea, sawa na yuniti 10,000, zile zinazoandikwa IU kwenye chupa. Piga hesabu ya mtu anayejali afya yake: asubuhi multivitamini yenye yuniti 5,000, mchana kidonge cha nywele chenye 5,000 nyingine, jioni kijiko cha mafuta ya ini la chewa. Keshapita mpaka, na hakuna hata chupa moja iliyomwonya, kwa sababu kila moja inajihesabu peke yake. Akiendelea hivyo kwa miezi, dalili huanza na midomo kukauka na kupasuka, ngozi kuwasha, kichwa kuuma, nywele kukonda, kisha ini kuumia. Naye, akiona nywele zinazidi kukatika, huongeza kidonge.

Hapo kwenye mafuta watu wengi huchanganya. Mafuta ya samaki ya kawaida hutoka kwenye mnofu wa samaki na hayana vitamini A ya kutisha. Mafuta ya ini la samaki ni kitu kingine, na chupa zake hukaa rafu moja na zile za mafuta ya kawaida. Soma neno "ini". Hata maini ya ng'ombe ya kukaanga, gramu 100 tu, yana vitamini A zaidi ya mara mbili ya mpaka huo wa siku. Kuyala mara moja moja hakumdhuru mtu mzima. Kuyala mara kwa mara juu ya vidonge ni jambo jingine.

Kwa mwanamke anayeweza kushika mimba onyo hili lina uzito wa pekee. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1995, uliofuatilia wajawazito zaidi ya 22,000, uligundua kwamba miongoni mwa waliokuwa wakimeza zaidi ya yuniti 10,000 za retinoli kwa siku kutoka kwenye vidonge, mtoto mmoja kati ya 57 alizaliwa na kasoro iliyosababishwa na vidonge hivyo. Madhara hutokea wiki za mwanzo kabisa, wakati wengi hawajajua kama ni wajawazito. Vitamini A ya mimea, yaani beta-karotini iliyomo kwenye mchicha, kisamvu, karoti na viazi lishe, haina hatari hiyo, maana mwili huibadilisha kwa kadiri unavyohitaji. Ukizidisha karoti, viganja vitakuwa na rangi ya manjano kwa muda, basi. Ila usihamishe usalama huo kwenye vidonge vya beta-karotini: huko Finland, katika utafiti uliotangazwa mwaka 1994, wavutaji sigara waliopewa vidonge hivyo walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao.

Kiungo cha pili ni seleniamu. Mwaka 2008 huko Marekani, kirutubisho kimoja cha maji kilitoka kiwandani kikiwa na seleniamu takriban mara 200 ya ilivyoandikwa. Waliotambuliwa kuathirika ni watu 201 katika majimbo kumi. Zaidi ya theluthi mbili yao nywele zilinyonyoka, na wengi kucha zilibadilika rangi. Tukio hilo lilitokea katika nchi yenye maabara nyingi na wakaguzi wengi. Lakini sheria yao ya mwaka 1994 hairuhusu wakaguzi kudai uthibitisho wa usalama wa kila kirutubisho kabla hakijafika sokoni, kama wanavyodai kwa dawa. Baadhi ya chupa zilizoko kwenye rafu za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala hutoka huko huko. Kwa hiyo maneno "imetengenezwa Marekani" si cheti cha usalama. Kwa upande wa Tanzania, tangu mwaka 2019 dawa ziko chini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na chakula na vipodozi vikahamishiwa TBS, shirika la viwango. Ukinunua, tafuta alama ya mamlaka husika, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, na usinunue vidonge vilivyopunguzwa kutoka kwenye kopo kubwa na kufungwa kwenye mfuko wa nailoni.

Turudi kwa biotini, ambayo haina sumu inayojulikana na hivyo huonekana haina hatia. Hatari yake iko maabara. Vipimo vingi vya homoni na vya moyo hutumia biotini kama gundi ndani ya mashine. Damu ikija imejaa biotini, gundi hiyo huvurugika na jibu hutoka la uongo: kipimo kimoja kinapanda, kingine kinashuka. Mwezi Novemba 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo baada ya kupokea taarifa ya kifo cha mgonjwa aliyekuwa akimeza biotini nyingi, ambaye kipimo cha troponini, kinachoonyesha mshtuko wa moyo, kilisomeka chini ya ukweli. Kwa mwenye tatizo la nywele mtego uko karibu zaidi. Mojawapo ya sababu za kweli za nywele kukatika ni ugonjwa wa tezi ya thairoidi. Mwanamke anaanza kwa kumeza biotini miezi miwili, haoni mabadiliko, anakwenda hospitali, daktari kwa busara anaagiza kipimo cha tezi, na jibu linatoka likionyesha tezi inafanya kazi kupita kiasi wakati ni nzima, au tezi iliyolegea ikaonekana ya kawaida. Anaweza kuanzishiwa dawa za ugonjwa asiokuwa nao. Si kila mashine ina udhaifu huu, lakini mgonjwa hana njia ya kujua ipi inao. Wataalamu wa tezi hushauri kuacha biotini angalau siku mbili kabla ya kutoa damu, na kwa dozi kubwa zaidi muda huongezwa. Mwambie daktari na mwambie pia anayekutoa damu, hata kama hajauliza. Watu wengi hawavitaji vidonge hivi kwa sababu hawavihesabu kuwa dawa.

Ukimya huo huo ndio unaoleta mgongano na dawa nyingine, na hapa nazungumza na watu wengi sana wa kanda yetu. Anayetumia TLD, kidonge cha kila siku cha kufubaza VVU, ajue kwamba dolutegravir iliyomo hushikana tumboni na madini ya chuma, kalsiamu na zinki, na sehemu ya dawa isifyonzwe. Multivitamini nyingi zina madini hayo. Njia rahisi ni kumeza TLD saa mbili kabla ya vidonge vya madini, au saa sita baada yake. Akitaka kumeza dawa pamoja na chuma au kalsiamu, iwe wakati wa chakula, tumbo likiwa si tupu, na kwanza aulize kliniki yake. Antibiotiki za doksisaiklini na siprofloksasini nazo hushikwa vivyo hivyo na madini. Anayetumia warfarini kuzuia damu kuganda asiguse vidonge vya vitamini K wala dozi kubwa za E bila daktari wake kujua. Mgonjwa wa selimundu aliyeongezewa damu mara nyingi asijinunulie vidonge vya chuma, kwa sababu kila chupa ya damu ilimwachia chuma ambacho mwili hauna njia ya kukitoa.

Vitamini B6 inaonyesha jinsi kipimo kinavyobadili kila kitu. Mgonjwa wa kifua kikuu anayemeza isoniazidi hupewa B6, kwa kawaida isiyozidi miligramu 25 kwa siku, ili mishipa ya fahamu isiharibike akaanza kufa ganzi miguuni. Vitamini hiyo hiyo, ikimezwa kwa dozi kubwa kwa muda mrefu, huharibu mishipa hiyo hiyo na kuleta ganzi ile ile. Wamarekani wameweka mpaka wa miligramu 100 kwa siku. Mwaka 2023 Ulaya iliushusha wa kwake hadi 12.

Sasa tuliangalie pengo ambalo kweli lipo. Kwa wanawake wetu, jina lake mara nyingi ni chuma. Hedhi nzito, uvimbe kwenye kizazi, mimba zinazofuatana, na minyoo ya safura inayonyonya damu utumboni, vyote humaliza akiba ya chuma, na nywele ni miongoni mwa vitu vya kwanza mwili unavyovinyima. Wingi wa damu unaweza kusomeka sawa huku akiba ikiwa imekwisha. Kipimo cha akiba hiyo huitwa feritini, na tafsiri yake hubadilika kama una homa au maambukizi, kwa hiyo jibu lisomwe na daktari. Ukipatikana na upungufu, kidonge cha chuma cha bei ndogo kutoka kliniki kina thamani kuliko chupa yoyote ya rangi ya dhahabu. Mezea maji au juisi ya machungwa, na chai au kahawa isogezwe mbali saa moja au mbili, kwa sababu huzuia chuma kufyonzwa. Sababu ya kupungukiwa nayo itafutwe, la sivyo utajaza ndoo inayovuja. Na chupa ikae juu, mbali na watoto: vidonge vya chuma vimeua watoto wadogo waliodhani ni pipi, na siku hizi vitamini zinatengenezwa kwa sura na ladha ya pipi kweli.

Zinki nayo inaweza kupungua kwa anayekula nafaka tupu, lakini mpaka wake ni miligramu 40 kwa siku, na anayeuvuka kwa muda mrefu huishiwa na shaba mwilini, akapata upungufu wa damu. Vitamini C haina haja ya chupa kwa mtu anayeweza kununua pera: moja tu hutosha siku nzima. Vitamini E kwa kumeza sioni sababu yake kwa mtu mzima mwenye afya. Mwaka 2011 utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha kwamba wanaume waliomeza yuniti 400 kila siku walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi.

Kwa ngozi, pengo la vitamini ni sababu ya nadra kuliko fangasi, ukurutu na, lazima tuseme, mkorogo. Ngozi iliyokondeshwa na krimu za zebaki, haidrokwinoni na steroidi haiponi kwa vidonge wakati krimu inaendelea kupakwa usiku. Vilevile sindano za glutathioni zinazochomwa saluni pamoja na vitamini C kwa jina la "kung'arisha" si lishe. Ni kuingiza kitu kwenye mshipa wa damu bila ugonjwa, mara nyingi kwa mkono wa asiye mtaalamu, na kinga dhidi ya kuumia ini au figo, au dhidi ya maambukizi, haipo kwenye bei uliyolipa.

Kama baada ya yote hayo mtu anataka multivitamini ya kila siku, achague moja tu, yenye viungo visivyozidi asilimia 100 ya mahitaji ya siku, aimeze na chakula, na aisimamishe akishika mimba mpaka kliniki iione, kwa sababu huko atapewa chuma na asidi ya foliki kwa vipimo vyake. Nywele za Mwafrika hukua chini ya sentimita moja kwa mwezi, hivyo miezi sita inatosha kujua kama kuna badiliko.

Lakini kuna upara usiosubiri miezi sita. Utafiti wa Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake huko Cape Town, uliochapishwa mwaka 2007, ulikuta karibu mwanamke mmoja kati ya watatu ana nywele zilizong'olewa na mvuto wa misuko na mawigi, zaidi kwenye kingo za paji la uso. Mapema, kulegeza msuko kunazirudisha. Baadaye mashina hufa na hakuna kitu cha kumeza kinachoyafufua. Kuna pia upara mwingine unaoanzia utosini kwa wanawake weusi, ukiacha ngozi laini inayong'aa, ambao nao huua mashina ukiachwa bila tiba. Wataalamu wa kuyatambua haya wanafundishwa hapa hapa: tangu mwaka 1992 kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko KCMC, Moshi, kimekuwa kikitoa matabibu na madaktari wa ngozi kwa nchi nyingi za Afrika, na wahitimu wake wanafanya kazi mpaka kwenye hospitali za mikoa na wilaya. Mwenye utosi ulioanza kung'aa, kuwasha au kuuma awaone wiki hii, asingoje chupa iishe, na aende nayo mkononi ili waisome.